Mafundo Matatu Kwenye Waya wa Breki

Mpendwa Baba Mwende,

Tangu asubuhi nimekaa chini kuandika mara nne, na mara nne nimesimama. Mara ya kwanza nilijiambia kuku wameingia shambani, kumbe hakukuwa na kuku. Mara ya pili nilitoka kuangalia kama Landrova bado iko pale, kana kwamba gari ambalo halijasogea miaka miwili lingeamua kuondoka lenyewe. Unanijua. Ulikuwa ukisema kwamba ukiniona nimekaa kwenye kiti dakika tano, unanitafutia dawa. Leo siumwi. Ni mikono tu haitaki kutulia, na nisipoandika sasa hivi nitaanza kufagia uwanja ambao nimeshaufagia.

Barua hii naiacha wazi. Mwende aisome, fundi Kioko aisome, hata wazee wa kanisa wakitaka waisome. Nimeficha jambo moja kwa zaidi ya miaka ishirini nikidhani nakufichia wewe. Jambo lenyewe ni kwamba ulikuwa huoni rangi nyekundu, wala kijani, wala kahawia. Kwako zote zilikuwa kitu kimoja. Hukuniambia, nami sikukuambia kwamba nimejua, tukaishi hivyo mpaka siku tuliyokuzika.

Na tangu siku hiyo, swali langu ni moja. Je, ulijua kwamba ninajua? Ama uliondoka ukidhani umebeba mzigo huo peke yako, na mke wako yuko hapo kando anasuka vyondo tu, vikapu vyake vya katani?

Nilianza kushuku kwa sababu ya nyanya. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja, tunakaa chumba kile cha mabati nyuma ya gereji pale Emali, ambapo treni ikipita vikombe vinacheza kwenye meza. Kila ukienda soko unaniletea nyanya ngumu, za kijani, za kurushia mbwa. Nilikugombeza. Nilifikiri ni uchoyo, kwamba mbichi ni bei rahisi. Baadaye ukaanza kuzifinya moja moja kabla ya kununua, mpaka wamama wa soko wakakuchoka. "Baba Mwende, usinifinyie nyanya, kwani unakamua ng'ombe?" Ukacheka nao. Ukaendelea kufinya. Tangu hapo nyanya zikawa nzuri, na mimi nikafikiri umeacha uchoyo.

Halafu siku moja nilikuwa nasuka kiondo mlangoni, mikono imejaa, nikakuambia, "Nipatie huo uzi mwekundu." Ukaniletea wa kijani. Nilicheka, nikadhani ni utani wako. Nikainua macho nikuambie acha mchezo, nikakuona uso. Ulikuwa umesimama umeshika huo uzi, unaningoja niseme kama ni wenyewe, kama mtoto aliyeulizwa hesabu mbele ya darasa. Nikaupokea. Nikasema asante. Nikasuka kijani pale nilipotaka nyekundu, na kiondo hicho ndicho Mwende alichobebea vitabu mpaka darasa la saba.

Kwa nini sikusema siku ile? Nimejiuliza mpaka nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Ningesema tu, "Baba Mwende, kwani huu unauonaje?" Ni maneno machache. Lakini ulikuwa fundi wa waya. Katika kazi zote ambazo Mungu aliweka barabara ya Mombasa, ukachagua hiyo! Ungekuwa fundi wa magurudumu, ungekuwa fundi wa springi, nani angejali? Kazi ya waya yenyewe ni rangi. Wewe ndiye uliyenifundisha, ukinionyesha michoro kwenye kile kitabu kilicholowa oili: zile Landrova za zamani, waya wa kahawia unatoka kwa betri na hauna fyuzi, mwekundu unaenda taa ndogo, wa kijani umepita kwenye fyuzi unaenda breki na waipa na geji ya mafuta. Ulikuwa umekariri kama mistari ya Biblia. Ila ukishika waya wenyewe mkononi, huwezi kusema ni mstari gani. Buluu, nyeupe na nyeusi hazikukusumbua. Nyekundu, kijani na kahawia ndizo zilikuwa adui yako, na hizo tatu ziko kila mahali.

Ulikuwa na ile taa yako ya kupimia, balbu ndogo na nyaya mbili, moja unaibana kwenye bodi ya gari, nyingine umeifunga sindano ya kushonea gunia. Unachoma sindano kwenye waya, unawasha swichi moja, unaangalia balbu. Unazima, unawasha nyingine. Fundi mwingine angeangalia rangi akamaliza kabla chai haijapoa. Wewe ulichukua siku nzima, na wateja wakasema, "Huyu fundi hana haraka, lakini kazi yake hairudi." Walikusifu kwa uvumilivu. Mimi nikasikia sifa hizo na moyo ukaniuma.

Basi nikahamisha kigoda changu. Nikaacha kusuka mlangoni, nikaja kusukia gerejini, chini ya boneti ulizofungua. Unakumbuka tulivyokuwa tunaongea? Unavuta waya, unauinua kwenye jua, unasema kana kwamba unajiongelea mwenyewe, "Hii imechakaa sana, ama?" Nami bila kuinua kichwa, "Imechakaa, lakini kijani chake bado kizuri. Natafuta uzi kama huo." Halafu unaufunga mahali pa kijani. Kesho yake, "Hii nayo imeshika vumbi." Nami, "Vumbi si kitu, wekundu wake unaonekana." Tuliongea hivyo miaka. Watu wa Emali walisema nimekuja kukulinda na wanawake wa hoteli. Wengine walisema tunapendana sana. Sikuwakatalia wowote.

Nimesimama tena. Nimekunywa maji nimerudi.

Sasa nifike pale pabaya. Ulipoamua kwenda kufanya trade test, ule mtihani wa mafundi, kule Kitui, ulinunua shati. Ulikuwa na furaha, Baba Mwende. Ulisema ukipata cheti hutakuwa tena fundi wa kando ya barabara, utaandikwa kazi yenye mshahara, Mwende atasoma bila kurudishwa nyumbani. Nilikupigia pasi shati hilo mara mbili. Wakati makaa yanawaka kwenye pasi nilikuwa nafikiri: huko kutakuwa na meza, na nyaya juu ya meza, na mchoro, na hakuna betri ya kuwashia taa yako. Na hakuna mimi. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Kola inataka maji kidogo." Hiyo ndiyo nilisema.

Ulirudi jioni ya siku ya pili. Ulinunua sukari kilo moja na mkate, ukaweka mezani. "Watu walikuwa wengi sana," ukasema. "Hata hawakuangalia kazi ya mtu vizuri." Ukavua shati ukalikunja kama lilivyotoka dukani, na sijaliona tena likivaliwa. Baadaye niliambiwa na mtu aliyekuwa huko kwamba walikupa vipande vya waya uviunge kwa mchoro, ukaviunga sawasawa kwa mikono mizuri kuliko wote, na karibu nusu vilikuwa mahali pasipo pake. Msimamizi alidhani hujui kusoma.

Hapo ndipo mafundo yalianza. Sikupanga. Mchungaji wetu alileta Landrova ya kanisa, ile ile iliyoko hapa uwanjani sasa. Kisa chake unakijua, lakini wacha nikukumbushe, kwa sababu leo nataka kucheka mahali. Kila Shemasi Mutua, dereva wake, akikanyaga breki, fyuzi inakatika, sindano ya geji ya mafuta inalala, waipa zinakufa. Akanunua fyuzi mpaka akachoka. Mtu fulani pale Kibwezi akamfundisha azungushie ile iliyokatika karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Ikafanya kazi! Mutua akawa anaokota pakiti kando ya barabara, anazirundika chini ya kiti kama akiba. Wazee wa kanisa wakazikuta. Wakaitisha mkutano. Shemasi anavuta! Maskini Mutua akaapa, akatoa fyuzi akawaonyesha, wakamwamini nusu nusu. Wiki iliyofuata wanateremka kuelekea mto Athi, wazee wawili wako nyuma, Mutua anakanyaga breki, moshi unatoka dashbodi na kujaa ndani. Na mmoja wao, yule Mzee Ndeti, bila kutabasamu, akasema, "Haya basi. Tulimsingizia mtu. Kumbe gari ndiyo inavuta."

Karatasi ile haikatiki, ndiyo shida. Waya ulioguswa na chuma ukachemka badala ya fyuzi kukatika, ukaunguza wenzake kifungu kizima, kuanzia dashbodi mpaka taa za nyuma. Ulipokifungua kifungu hicho nikaona mikono yako imesimama. Nyaya zilikuwa zimebabuka, zimepauka, na hata mimi niliinamisha kichwa huku na huku kabla ya kusema hii ni nyekundu ama ni kijani. Utani wetu wa nyuzi usingefaa hapo. Nyaya zilikuwa nyingi, na mara nyingine ningekuwa sipo.

Nikachukua katani yangu, ile nyeupe ambayo haijatiwa rangi, nikasokota uzi mwembamba pajani. Nikaanza mbele, kwenye dashbodi. Wa kahawia fundo moja. Mwekundu mafundo mawili. Wa kijani matatu. Nilivuta yakakaza, ili kidole kiyahesabu bila macho. Ukaniuliza, "Unafanya nini?" Nikasema, "Macho yangu yanachoka siku hizi. Nafunga alama nisikuchanganye." Nikachukua upofu wako nikauvaa mimi. Ulinitazama. Ukasema, "Haya, funga." Na jioni hiyo nilikuona umeinama chini ya dashbodi, gumba lako linapita juu ya mafundo, taratibu, moja, mawili, matatu. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kidogo nikarudi kuweka sufuria.

Tulikuwa tumefika katikati ya gari, pale chini ya kiti cha dereva, uliposema utarudi Kitui kujaribu tena.

Nilishtuka. Ningefurahi, ningekuombea, mke mwema angefanya hivyo. Mimi nikaona lile shati likikunjwa mara ya pili. Nikasema usiende. Ukauliza kwa nini. Nikasema tu usiende. Ukasema, "Mama Mwende, unanidharau?" Na mimi, kwa hofu na hasira pamoja, nikasema maneno ambayo sijawahi kuyasamehe: "Utaenda kufanya nini huko, na hata huoni!"

Uliweka kikombe chini. Ukauliza polepole, "Sioni nini?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeingia. Badala yake nilifunga nguo zangu na za Mwende, nikaenda kwa mama yangu Mutomo, nikakaa wiki tatu nikimchungia mbuzi na kumdanganya kwamba nimekuja kumsalimia. Mama hakuuliza. Siku ya kumi na tisa alisema, "Mbuzi wamekuchoka, nenda kwako."

Niliporudi, Landrova ilikuwa imepona. Mchungaji alikuwa anazunguka Emali akikanyaga breki mbele ya kila mtu. Ulinisalimia kana kwamba nilikuwa nimeenda kisimani. Niliuliza, "Uliwezaje ile sehemu ya nyuma?" Ukasema, "Kwa taa tu." Wiki tatu, waya mmoja mmoja, swichi moja moja. Hatukuongea tena juu ya Kitui. Hukurudi huko kamwe, na kila mwaka uliopita nilijiuliza kama umenyamaza kwa sababu umenisamehe ama kwa sababu umenifungia moyo.

Na kuna lile jambo la uzi. Nilikuta mabonge yangu mawili, jekundu na la kijani, yamepungua karibu nusu. Nani mwingine pale Emali alisuka vyondo? Kalekye wa jirani. Nilimkabili kwenye bomba la maji, mbele ya watu, nikamwambia mwizi wa uzi ni mwizi tu. Alitua mtungi akaniambia, "Aiya, Mama Mwende! Mimi niibe uzi? Hata huo wako hauna nguvu!" Hatukusalimiana mwaka mzima. Wewe ulikuwa umekaa pale kizingitini unakunywa chai, unasikia kila kitu. Ulisema tu, "Achana na mama wa watu. Uzi ni uzi." Na ulipoenda Machakos kuleta vipuri, ukaniletea mabonge mapya mawili ya kulipia yale. Yote mawili yalikuwa ya kijani.

Nilicheka peke yangu siku ile. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mimi mwerevu wa rangi!

Miaka ilipita. Kanisa likapata gari jipya, ukaichukua Landrova wewe, tukahamia huku juu shambani. Ulibeba nayo maji, mbuzi, mawe, wagonjwa, na bibi harusi mmoja aliyekataa kukaa mbele. Kifua kikaanza. Uliondoka kimya kimya kama ulivyofanya kazi, na katika siku zile za mwisho nilikaa kando yako na katani yangu, na mara tatu nilitaka kuuliza. Ulikuwa umechoka. Nikakuambia tu kwamba mvua inakuja, na haikuja.

Sasa sikiliza ya juzi.

Mwende amekuja kutoka Kitui, anakofundisha. Anataka Landrova itembee, kwa sababu kisima cha karibu kimekauka na mimi naenda mbali. Amemleta fundi Kioko wa Emali, mtu mzima, mpole, ana miwani. Amehangaika siku mbili. Injini imekubali. Lakini ukikanyaga breki, fyuzi inakatika na sindano ya mafuta inalala. Nilisimama pale na ufagio mkononi nikasikia ugonjwa ule ule wa miaka ile, nikataka kukuita.

Kioko alifungua kifungu, akasugua waya kwa kitambaa, akaguna. "Mama, mimi siwezi kudanganya. Hizi waya zote zimekuwa rangi moja. Vumbi, jua, moto, zimeisha. Sijui gani ni gani. Tung'oe hii yote tutupe, tuweke ingine mpya. Kesho naanza."

Zimekuwa rangi moja. Nilitaka kumwambia, Kioko, karibu. Sasa sote tunaona kama Baba Mwende alivyoona.

"Na hizi kamba ni za nini?" akaniuliza, anacheka, ameshika uzi wa katani kwa plaisi. "Nimetoa ingine hapo mbele nikadhani ni panya amejenga."

Sijui nilipita wapi, lakini nilikuwa nimeshamnyang'anya plaisi. "Usitoe hata moja!" Mwende akashtuka. "Mum, kwani nini?" Magoti yangu haya unayoyajua, niliyakunja, nikaingia chini ya dashbodi kichwa mbele, na Mwende anapiga kelele nitaumia.

Baba Mwende, zilikuwepo. Katani imekuwa nyeusi, lakini fundo ni fundo. Nilifunga macho, nikapitisha gumba kama wewe. Moja. Mawili. Moja. Matatu. Nikaushika huo wa matatu. Nikamwambia Kioko, "Huu ni kijani, unatoka kwa fyuzi." Akapima kwa mashine yake. Akasema, "Ni kweli." Tukaufuata. Akanitolea kiti cha dereva, nikaufuata mpaka pale katani yangu inapoishia, pale nilipoacha kazi nikaenda Mutomo.

Nilijua mbele ya hapo hakuna kitu. Nilikuwa nimejiandaa kusema, basi, ng'oa. Lakini kidole kikaendelea kutembea chenyewe, na baada ya kipimo cha mkono mmoja, kikagonga fundo. Likafuata jingine. Na la tatu.

Nikavuta waya kwenye mwanga. Haikuwa katani. Ulikuwa uzi wa rangi, umejificha kwenye chuma kisichopata jua, rangi yake bado inawaka. Mafundo makubwa, ya kiume, yale ya kufungia ng'ombe. Matatu kwenye waya wa kijani. Nikatafuta wa pembeni: mawili. Mwekundu. Mafundo yako. Ulifuata hesabu yangu bila kukosea hata mara moja, mpaka kwenye taa za nyuma. Na kwenye waya wa kijani ulikuwa umefunga uzi mwekundu, na kwenye waya mwekundu umefunga uzi wa kijani.

Nilikaa pale chini ya gari nikalia na kucheka pamoja mpaka Kioko akatoka kuniachia nafasi. Mwende aliinama akaniuliza kama nimechomwa. Nikamwambia, "Baba yako aliniibia uzi."

Kwa hiyo ulijua. Ulijua mafundo ni ya nini, na macho yaliyochoka hayakuwa yangu. Ulijua hata nilipotupa maneno yale mabaya na kukimbia. Ulikaa wiki tatu peke yako, ukauliza kila waya kwa taa yako, na ulipopata jibu ukalifunga kwa mafundo yangu. Halafu ukafikiri, Mama Mwende hupenda rangi, wacha nimwekee rangi yake, atakaporudi aone. Ukachagua kwa makini. Nakuona umeshika mabonge mawili unayaleta karibu na uso. Ukakosea yote. Halafu nikarudi, na sikuangalia kule nyuma hata siku moja, kwa sababu niliogopa kukuta umeharibu kazi na nikalazimika kusema. Ulinijibu, na jibu limekaa chini ya kiti miaka yote hii, mimi nalikalia nikienda kanisani.

Sina amani kamili bado, nisikudanganye. Nimekasirika nawe, nimejikasirikia. Tungeweza kuongea. Tulikuwa na midomo. Lakini lile swali langu limekwisha, na mahali lilipokuwa sasa pana nafasi, na sijui niweke nini hapo.

Kioko amekubali kutong'oa. Tuliufuata waya wako mpaka mwisho, tukakuta pale unapopenya fremu, karibu na taa, tepu yako imeliwa na joto na shaba inagusa chuma. Hapo tu. Niliufunga mwenyewe, tepu mpya, tabaka mbili. Mafundo yako sikuyagusa. Na kesho naenda kwa Kalekye, ambaye tunasalimiana lakini uzi hatujawahi kuutaja tena. Nitamwambia mwizi amepatikana. Atacheka mpaka aanguke, halafu atanitukana, na nimestahili.

Halafu Kioko akaweka fyuzi, fyuzi kweli, si karatasi ya mtu, akaingia kwenye usukani. Mimi nikasimama nyuma ya Landrova, pale uliponisimamisha kila ulipomaliza kazi, ukiniuliza kwa sauti kutoka ndani, "Inawaka?" Nami nikajibu miaka yote, "Inawaka," basi, neno moja, kwa kuogopa neno la pili.

Kioko akakanyaga breki. "Mama! Inawaka?"

Inawaka, Baba Mwende. Nyekundu. Taa yako ni nyekundu.

Mke wako,
Mama Mwende